Printa Tuliyoiita Mgeni

Awino aliponipigia simu kuniambia kwamba dada yake Adhiambo ametuacha, hakulia. Aliyelia ni mimi. Yeye alingoja nimalize, kisha akanipa kazi. Kamati ya mazishi ilikuwa imekaa chumbani kwake Kawangware, watu wamegawana majukumu, na mimi nikapewa kuandika maisha ya marehemu kwa ajili ya programu, kile kijitabu cha mazishi, hasa ule mwaka wa Kibera, kwa sababu, alisema Awino, wewe ndiye ulikaa naye na wewe huandika. Ni kweli huandika. Nimeweka diari tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mpaka leo sijui kama hiyo inanifanya mtu wa kuandika au mtu wa kulalamika kwa mpango. Shule niliiachia kidato cha pili. Nikamwambia sawa. Simu ilipokatika nilipika chai ambayo sikuinywa, nikavuta katoni kutoka chini ya kitanda, nikairudisha, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikaivuta tena.

Katika katoni ile mna mwaka mmoja tu. Miaka mingine iko kwenye madaftari, kwa kalamu. Mwaka niliokaa na Adhiambo umechapwa kwa printa, karatasi moja kwa kila asubuhi, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Wino mwekundu umeshapotea kabisa na wa buluu umebaki kama maji ya kusuuzia nguo. Niseme mapema kinachonisumbua, ili asiyetujua asipotee njiani. Mwaka ule kulitokea kosa lililotuvunjia kazi. Adhiambo alilibeba, na mimi kwa miaka yote hii, kila nikiulizwa, nimesema sijui ni nani kati yetu aliyelifanya. Nikisema hivyo nilijiona natenda haki, simwegemei mtu. Lakini sasa nilikuwa nimepewa kumwandika, na maneno yangu yangesomwa kando ya jeneza lake, mahali ambapo hawezi kunijibu.

Tulipanga chumba cha mabati Soweto East, humo humo Kibera, kuta zimebandikwa maboksi ndani ili upepo usipite. Mimi nilikuwa nafulia watu nguo mtaa wa jirani wa Olympic, yeye aliandikia watu barua za kuomba kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya mtu mmoja mwenye roho ngumu. Kompyuta tulikuwa nayo, ya mtumba, kisogo chake kirefu kama televisheni za zamani. Kilichobaki ni printa, tujitegemee. Tulienda kuichagua mjini siku ya Jumamosi tumevaa kama tunaoenda kanisani, kwa sababu Adhiambo aliamini muuzaji akikuona na kandambili anakuuzia ubovu. Duka lilikuwa na mbili tulizoweza kuzifikiria. Moja kubwa, imetumika, ya wino wa unga, haijui rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Nyingine ndogo, mpya, ya wino wa maji, inachapa rangi zote. Kitu cha kushangaza ni kwamba ile mpya ndiyo ilikuwa rahisi. Muuzaji hakutuficha, na nimemwombea mema kwa hilo. Alisema, "Madam, hii ya maji ni kama kupewa bibi bure, halafu ulipe mahari kila mwezi. Mahari ndiyo wino."

Adhiambo alicheka, akaigusa ile kubwa mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema basi tuchukue hii, tulipe mahari mara moja yaishe. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa na sababu mbili na zote nilizitoa kwa sauti. Kwanza, muuzaji mwenyewe alikiri kwamba ile ya unga ikianza kupata moto inakunywa stima nyingi, na waya wetu ulikuwa wa vyumba saba. Mtu akichomeka pasi, balbu zote zinafifia. Pili, nilitaka rangi. Kazi ambayo ingekuja kwetu najua ni ya matanga, maana watu wa ziwani na sisi wa magharibi hatumziki mtu kimyakimya, na nilikuwa nimeona programu za watu ambazo marehemu ametoka mweusi tititi kama mshukiwa kwenye gazeti. Nikasema mtu anataka kumwona mtu wake na rangi yake. Niliongea sana. Mwishowe Adhiambo akainua mikono. "Sawa, Nekesa. Lakini ikianza kututesa, ni yako." Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu aliyasema tena baadaye.

Tuliiita Mgeni. Ilipewa meza, meza yetu moja, na sisi tukawa tunakula kitandani, sufuria ya sukuma katikati yetu na ugali juu ya mfuniko. Nilimkataza Adhiambo kukaanga omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya nyumba, maana mafuta yanatua kwenye karatasi na kwenye vile vigurudumu vya mpira vinavyoivuta. Akatoa jiko nje mlangoni, akawa anakaanga akiwa amekunja shingo kutazama ndani, akisema hajawahi kuona mgeni wa kufukuza wenye nyumba. Barasa, fundi wa milango ya chuma aliyekuwa jirani yetu pamoja na mama yake, alituchomelea kizimba cha nondo cha kuifungia Mgeni, na hakutaka malipo, alisema tutamlipa siku akioa. Wino wa dukani ulipotushinda tulijifunza kujaza kopo lake kwa sindano, taratibu, Adhiambo ameshika kopo na mimi nasukuma, tumebana pumzi wote wawili. Vidole vyetu vilikuwa na rangi mwaka mzima. Olympic, mama mmoja niliyemfulia aliniuliza kama nimepiga kura.

Kulikuwa na sharti moja ambalo ndilo limenifanya niwe hivi nilivyo. Muuzaji alituambia wino wa maji hukauka kwenye midomo ya mashine isipotumika, kwa hiyo tuipige angalau karatasi moja kila siku, yenye rangi zote, hata kama hakuna kazi. Adhiambo alisema hata Mungu hamwombi kila siku. Mgeni ilikuwa na karatasi yake ya kujipima, ya mistari mistari ya rangi, na niliona ni uharibifu kuchapa mistari isiyosema kitu. Kwa hiyo nikaanza kuandika. Siku kwa nyekundu, hali ya hewa kwa kijani, na mambo yetu kwa buluu na nyeusi: tulichokula, aliyekuja, aliyesema nini. Karatasi safi ilikuwa ya wateja, kwa hiyo asubuhi nilichukua iliyoharibika kutoka rundo tuliloweka juu ya Mgeni, yoyote iliyo juu kabisa, nikaigeuza, nikaichapa upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa diari. Sikuwa na jambo la kusema. Printa ndiyo ilikuwa na kiu. Adhiambo hakuwahi kuigusa ile kamba ya karatasi. Mara moja ilifunguka ikaanguka, karatasi zikatawanyika, akaziokota macho ameyainua kwenye paa, akinipa moja moja kama mtu anayemsitiri mwenzake anayevaa. Nilicheka siku ile. Leo heshima ile ndiyo inayonichoma.

Kazi ilikuja. Tuliigawa: yeye kuandika kwenye kompyuta na kusoma makosa, mimi mashine na karatasi. Alikuwa mkali sana kwa majina. Kwa Waluo, alinifundisha, herufi ya kwanza ikiteleza umemgeuza baba wa watu kuwa mwanamke. Okoth ni mwanamume, Akoth ni mwanamke, na wote wamezaliwa siku ya mvua. Alimtaka mteja alitaje jina herufi kwa herufi, hata kama mteja analia. Lakini hatukuwa tukianza ukurasa upya kila mara. Nadhani hakuna mtu wa kazi ile mitaani anayefanya hivyo. Unafungua kazi ya mwisho, unafuta jina la yule, unaweka la huyu, unabadilisha siku na nyimbo. Na kazi ya mwisho, karibu kila mara, ilikuwa ya matanga.

Harusi ya Barasa tuliisikia kupitia ukutani kabla hajatuambia. Mama Barasa alikuwa na sauti ya kwaya, na hata akinong'ona mabati yaliitikia. Wiki nzima tulilala na hesabu ya wageni wake, nani ataleta kuku, nani asikae karibu na nani. Adhiambo akijua mahali wamefika alikuwa akinijibia kimya kwa midomo tu, akiigiza Mama Barasa na mjomba wa Barasa aliyekuja kushauriana naye, mpaka naziba uso na mto nisicheke kwa sauti. Kisha Barasa mwenyewe akaja, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, na mchumba wake Naliaka nyuma yake, wakasema deni la kizimba limefika: wanataka kadi arobaini, zenye maua. Sijawahi kumwona Adhiambo akifurahia kazi vile. Alisema kwa mara ya kwanza Mgeni itachapa mtu anayecheka.

Asubuhi ya siku ya kuchapa kadi nilitoka mapema kwenda kufua. Niliporudi saa nane Adhiambo hakuwepo. Stima, jirani aliniambia, ilipotea tangu saa tatu na ilikuwa ndiyo kwanza inarudi. Nilijua Adhiambo ameenda Kawangware kwa dada yake kutafuta bahasha, alikuwa amesema usiku. Nilikuwa nimechoka, mikono imekunjamana kwa sabuni, na nilikuwa na hasira ndogo ambayo haikuwa na jina. Mgeni haikuwa imepigwa karatasi yake. Nikachukua iliyokuwa juu, nikaigeuza, nikaandika mistari yangu, nikachapa, nikaitoboa na kuifunga kwenye kamba. Barasa akachungulia mlangoni akauliza kama ziko tayari, kuna watu wa kijijini wanasafiri jioni. Kompyuta nilikuwa nimeshaiwasha, nikafungua kadi aliyoihifadhi, maua mekundu juu, majina chini. Nikachapa arobaini. Sikusoma. Hilo sikuwahi kulikana, kwamba sikusoma. Kusoma kulikuwa kazi ya Adhiambo na hakuwa mtu wa kukosea. Nilizipanga kitandani zikauke, nikampa Barasa kwenye mfuko wa karatasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jua lilikuwa halijashuka bado Mama Barasa alipoingia bila kubisha. Adhiambo alikuwa amefika dakika chache kabla, bado hajavua viatu, bahasha ziko kwapani. Mama Barasa alishika kadi kwa ncha za vidole. Hakupaza sauti yake ile. Alituuliza, "Wasichana wangu, ni nani kati yenu ameandika hii?"

Maua yalikuwa mazuri. Chini yake palikuwa pameandikwa: Karibuni kwenye ibada ya harusi ya Marehemu Barasa na Naliaka.

Adhiambo aliisoma. Akanitazama mimi, akatazama juu ya Mgeni, akatazama meza, akarudi kwangu. Mimi nilikuwa natazama lile neno. Kisha akasema, "Mimi ndiye huandika, mama." Na mimi sikusema kitu. Nilijiambia hajasema uongo, yeye ndiye huandika. Mama Barasa alipotoka, Adhiambo aliniuliza swali moja tu.

"Nekesa, uliona karatasi yangu hapa juu?"

"Karatasi gani?"

"Ya kadi. Niliichapa kabla stima ipotee. Nilikuwa nimeweka duara."

"Sikuona."

Na ni kweli sikuwa nimeona. Akatafuta chini ya meza, akainua godoro, akamwaga debe la takataka akalichambua mlangoni watu wakipita. Mimi nilimsaidia kutafuta, lakini moyoni nilifikiri, na niliandika kesho yake, kwamba anatafuta kitu ambacho hakipo ili awe na pa kushika. Alipomaliza alisema, "Basi." Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Kadi zilikusanywa, zote, Barasa mwenyewe akizunguka nyumba hadi nyumba, na mama yake akazichoma kwenye jiko mbele ya mlango wetu, si kwa ubaya, alitaka tuone kwamba zimeisha. Barasa alijaribu kufanya mzaha, akasema marehemu ana njaa, ugali uko wapi. Mama yake hakucheka. Usiku tulimsikia kupitia ukutani akiongea na mwenzake wa kanisani. Alisema wale wasichana si wabaya. Alisema Adhiambo alimletea dawa alipougua. Kisha akasema, "Lakini kwetu jina la mtu halichezewi. Ukimwandika amekufa, umemwonyesha njia." Adhiambo alikuwa amelala amenipa mgongo. Safari hii hakumwigiza. Nilijua yuko macho kwa sababu hakuwa akikoroma, na nilitaka kusema, hata mimi sikusoma, lilikuwa jambo la kusema kwa maneno matatu. Nililiweka mpaka asubuhi, na asubuhi nikaliandika kwenye karatasi badala ya kumwambia.

Harusi ilifanyika, ikachelewa wiki tatu. Barasa hakufa. Lakini mtaa ulikuwa umepata chakula. Tulikuwa tumekuwa wale wa marehemu. Kijana alipita akasema wacha nisisimame hapa, wataniuliza jina langu. Wenye matanga wenyewe walitukwepa, ambao kwao neno lile lilikuwa mahali pake. Adhiambo alivumilia miezi miwili hivi, akaamua kwenda kukaa na dada yake. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akakataa nimsindikize zaidi ya bomba la maji. Nilimuuliza Mgeni tutaigawaje. Akacheka, kicheko chake kabisa, nilikitafuta ubaya sikuuona. "Si nilikuambia ni yako?"

Mgeni ilikauka kabla mwezi haujaisha. Niliacha kuipiga karatasi, nikahamia kwenye daftari. Adhiambo baadaye alifungua kibanda chake Riruta Satellite, akanunua printa ya unga, akachapia watu kwa miaka. Tulionana kwenye harusi na matanga ya watu, tukaulizana watoto, tukashikana mikono muda mrefu. Nilikuwa naona tumesameheana. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyemsamehe nani.

Nimefika sasa kwenye katoni. Nilikuwa nikitafuta kitu kizuri cha kuweka kwenye programu, pengine siku aliyomwigiza mjomba, nikafungua kamba ya kiatu kwa sababu karatasi zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Sijawahi kuifungua tangu mwaka ule. Nikawa nazibandua moja moja. Karatasi ya siku ile ya kadi ninaijua, nimeisoma mara nyingi nikijitetea, lakini upande wangu tu; migongo ya zile mbovu sikuwahi kuitazama. Inasema: Jua kali. Stima imerudi. Adhiambo ametoka tena. Kila kitu ni mimi. Ilishikamana na kidole changu, nikaigeuza.

Mgongoni kuna maua, yamekuwa ya kijivu. Chini ya maua kuna lile neno, na limezungushiwa duara kwa kalamu ya kawaida, wino ambao haufifii. Pembeni, kwa mwandiko wake uliolala: Toa hii. Huyu bado yuko.

Alikuwa ameliona. Stima ikapotea kabla hajaliondoa, akaniachia karatasi mahali pekee ambapo alijua lazima niguse. Na niligusa. Niliichukua kwa sababu ilikuwa juu, nikaiingiza kwenye mashine upande wa pili, nikachapa juu ya mgongo wa onyo lake kwamba kila kitu ni mimi. Kisha nikaifunga mahali pekee ambapo yeye, kwa adabu yake, hakuweza kutafuta. Nilikaa sakafuni. Nilijaribu kujitendea haki pia, maana nimezoea: sikukusudia, sikuona. Hayo ni kweli. Lakini "sijui" yangu ya miaka yote ilikuwa chini ya kitanda changu.

Kesho yake jioni nilienda Kawangware kwenye kikao. Chumba cha Awino kilijaa, viti vya kukodi mpaka nje, chai ya maziwa na mkate. Barasa alikuwepo, ana kitambi sasa, mwenyekiti wa kamati, na alikuwa akiwachangamsha watu kwa hadithi yake ya siku zote. Huyu Adhiambo, alisema, ndiye wa kwanza kuniua, alinizika na maua, na leo marehemu ndiye nimekaa hapa kupanga safari yake. Watu walicheka kile kicheko cha matangani, chenye unyevu. Awino alitabasamu huku anatazama vikombe. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye simu. Sikuisoma.

"Ni mimi, Barasa," nikasema. "Si yeye."

"Nekesa, hayo ni ya zamani. Kunywa chai."

"Si ya zamani. Yatasomwa Jumamosi."

Nikaiweka ile karatasi mezani. Barasa alisoma upande wangu kwanza, akaniangalia, akaigeuza, akasoma tena. Alimpitishia Awino. Yeye alisoma muda mrefu, kidole chake kikifuata duara, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilingoja anitukane, ningekubali. Aliposema hakuinua kichwa.

"Alikuwa ananiambia aliweka duara. Kila mara. Sisi tunamwambia wachana nayo. Mpaka akafika mahali akasema, pengine niliota tu."

Nje mtu alikuwa akiuliza kama basi limepatikana. Awino akanirudishia karatasi. "Sasa andika," akasema. "Si ndiyo kazi uliyopewa."

Niliandika usiku huo na nikafuta zaidi ya nilichoacha. Kuhusu Kibera mna mistari michache tu: chumba, omena mlangoni, Mgeni. Mstari wa mwisho ni huu: Katika kazi yake yote, hakuwahi kukosea jina la mtu. Barasa alipouona alisema watu wataanza kuuliza. Nikamwambia wakiuliza, niite.

Programu tulizichapa kibandani kwake Satellite, kwa mashine yake ya unga, ile aliyoitaka tangu mwanzo. Uso wake ulitoka mweusi na mweupe, na haukuwa kama wa mshukiwa, ulikuwa wake. Juu yake lile neno lilikuwa mahali pake. Zilivyotoka nikawa naziokota na kuzitandaza mezani, kwenye benchi, kwenye kiti chake, moja moja, uso juu.

"Hizi hazihitaji kukauka," Awino akasema.

"Najua."

Zilikuwa mia mbili, na zote zilisema kitu kimoja. Nilizisoma zote.